Pointi Tano kwa Bamama wa Swima

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwalimu wa wasichana katika shule ya misheni pale Baraka, mwaka ule mzungu wa teritwari, mtawala wa wilaya yetu, alipoamua kwamba ngoma nayo itahesabiwa pamoja na mbio.

Kila kiangazi watu walipanda Fizi kwa siku ya michezo. Kulikuwa na kukimbia, kuruka juu, kuvuta kamba na mpira, na kijiji kilichokusanya pointi nyingi kuliko vingine kilirudi na kikombe. Wanawake walikwenda kutazama na kupika. Mzungu yule alikuwa mtu wa michezo hasa, mrefu, mwenye magoti mekundu, na jambo hilo lilimsumbua. Alikuja Baraka akatukusanya kwenye baraza ya shule, walimu, wajumbe wa mwami, yaani chifu, na vijana wa mpira, akasema kwamba hata Ulaya, katika michezo mikubwa ya mataifa yote, wapo watu wanaopata medali bila kumshinda mtu kwa mbio wala kwa nguvu. Wanaruka, wanajigeuza, wanapita juu ya mbao kwa uzuri, na waamuzi wanatazama na kuandika alama. Kwa nini ngoma ya hapa isipewe heshima hiyo?

Vijana wa mpira walicheka. Mmoja akauliza, "Sasa mu ngoma, goli itaingia wapi?"

Mjumbe mmoja wa mwami hakucheka. Alikuwa mzee wa maneno machache. Akasema, "Bwana, muntu akikimbia, kamba ya mwisho njo inaona. Ngoma, itaonwa na nani?"

"Na macho ya watu watatu wenye haki," mzungu akajibu.

Watu hao watatu walitajwa juma lililofuata. Wa kwanza alikuwa mke wake, tuliyemwita Madamu. Wa pili alikuwa karani wa mwami, mtu wa makamo aliyetembea na kalamu mfukoni hata siku ya Dominika. Wa tatu nilikuwa mimi. Madamu alitaka msichana aliyesoma na anayezijua ngoma za ziwani, ili amweleze asichokielewa. Mimi nilizijua. Nilizaliwa Baraka, mama yangu alikuwa mchezaji mzuri kabla magoti yake hayajaharibika, na kabla Masera, yule mtawa aliyesimamia shule yetu, hajanivalisha viatu, nilicheza kila mahali palipopigwa ngoma.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo ningepaswa kulisema kwa sauti siku ile ile. Wasichana wangu wa shule nao walikuwa wameandikishwa. Walikuwa kumi na wawili. Niliwafundisha mimi mwenyewe mazoezi ya viungo kwa pete za matete tulizozifunga kwa kamba na kuzipaka chokaa. Kwa miezi minne, kila asubuhi kabla ya kengele, walirusha pete na kuzidaka, waliinama pamoja na kuinuka pamoja, na mimi nikihesabu kwa Kifaransa, moja mpaka nane. Tulishona blauzi nyeupe kwa mashine ya misheni.

Nilimwambia Masera, lakini nilimwambia kwa namna ya mtu anayetaka kujibiwa hapana. "Masera, nitahukumu vipi watoto wangu mwenyewe?"

Alikuwa anapanga vitabu. Akasema bila kugeuka, "Utahukumu kwa haki, kama unavyosahihisha madaftari yao."

Nikaridhika. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshakiona kile kiti. Nilijiona nimeketi mbele ya watu wote wa Fizi, kati ya mke wa mzungu na karani, na kibao cha chokaa magotini.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua na vumbi. Tulipanda kutoka ziwani kwa kamio, lori la misheni, wasichana wakiimba na kushikilia blauzi zao ndani ya vikapu zisichafuke. Mama yangu alikuja pia, ameketi kwenye gunia la unga wa muhogo wa kupikia bukari. Pale Fizi tulikuta watu wameshajaa. Walikuja wachimba dhahabu wa Lulimba na mpira wao, na vijana wa milimani, wafugaji, warefu na wembamba, na ngoma yao ya kuinua mikono kama pembe za ng'ombe. Walikuja wavuvi wa Nundu. Na walikuja bamama wa Swima, saba tu, na wapigangoma wawili.

Kiongozi wao nilimjua kwa uso. Kila mara mitumbwi ya Swima ilipokuja Baraka, yeye alikaa pembeni mwa soko na makapu ya ndagala, dagaa wakavu wa ziwa letu. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mfupi, mwenye mabega mapana na sauti ya chini. Hakuwa na sifa ya uzuri. Mtu angeweza kupita mbele yake mara mia asikumbuke kumwona.

Asubuhi ilikwenda kwa mbio na kuruka. Kufika saa nane mchana Baraka na Nundu walikuwa karibu sana kwa pointi, na ikajulikana kwamba ngoma ndiyo itakayoamua. Nakumbuka vijana wetu wa mpira, wale wale waliocheka, walikuja nyuma ya kiti changu. Mmoja akaninong'oneza, "Mamzeli, usitusahau."

Wasichana wangu walitangulia. Walicheza vizuri. Mmoja alidondosha pete, akaiokota haraka, na wenzake hawakupoteza hesabu. Watu walipiga makofi. Madamu aliandika nane, karani saba, mimi nane. Mpaka leo naamini nane yangu ilikuwa ya haki. Kama ningeacha pale, ningeishi vizuri na siku ile.

Wakaja vijana wa milimani, wakaja bamama wa Nundu, kisha Swima.

Walianza kama wanavyoanza wote, kwa duara, miguu ikisaga vumbi polepole, vikwembe vimefungwa chini ya kwapa. Ngoma ikapanda. Wale sita walirudi nyuma na yule mama akabaki katikati, mabega yakitetemeka kwa kasi ambayo huwezi kuifuata kwa jicho, uso umetulia kabisa kana kwamba mabega ni ya mtu mwingine. Watu wakaanza vigelegele. Ngoma ikafika pale juu ambapo kila mchezaji wa kwetu hujitupa kwa nguvu zake zote, na yeye akasimama.

Alisimama tu. Ngoma ziliendelea, kali vile vile, na yeye katikati yake hakutikisa hata kidole. Mikono ilining'inia. Macho yalitazama mahali fulani chini, karibu na miguu ya watu wa mbele, kama mtu aliyekumbuka jambo. Vigelegele vilikatika. Watoto walinyamaza. Nilisikia ngozi ya ngoma na, nyuma yake, pumzi za watu mamia wasiojua wafanye nini. Sijui ilichukua muda gani. Halafu bega moja likainuka, moja tu, taratibu, kisha la pili, na alipoingia tena ndani ya ngoma nilikuta machozi yamefika shingoni mwangu.

Sijaona kitu kama kile tena. Nilijua nilichokiona wakati nikikiona. Hilo ndilo nataka lieleweke. Sikukosa macho.

Watu walilipuka. Madamu alikuwa anapiga makofi na chokaa mkononi, sketi yake imejaa unga mweupe. Akaandika tisa. Niliiona tisa ile kwa macho yangu. Kabla hajainua kibao aliniinamia, akaniuliza kwa Kiswahili chake, "Ile kusimama, iko ya ngoma, ao alisahau?"

Nyuma yake niliwaona wasichana wangu wamesimama kwa mstari, blauzi zao zimeloa jasho, wananitazama mimi na si ngoma. Na jambo lingine, baya zaidi, ambalo nilikubali kujiambia baada ya miaka mingi. Nilikuwa na hasira. Miezi minne nilikuwa nimehesabu moja mpaka nane, na mwanamke huyu wa ndagala, kwa kutofanya kitu chochote, alikuwa amefanya pete zangu zote zionekane mchezo wa watoto.

Nikasema, "Alisahau, Madamu."

"Kumbe," akasema kwa huruma. Akatoa kitambaa, akafuta tisa, akaandika sita.

Mimi niliandika tano. Karani, upande wa pili, hakusikia mazungumzo yetu. Aliinua nane, na alipotazama vibao vyetu uso wake ulikunjamana. Wasichana wangu walipata ishirini na tatu, Swima kumi na tisa, na Nundu hawakutufikia. Kikombe kikaenda Baraka.

Katika makelele ya baadaye, nikiwa kwenye mitungi ya maji, niliguswa mkono. Alikuwa yeye. Kikwembe chake kilikuwa bado kimeloa, na vumbi limemganda miguuni mpaka kwenye goti. Aliniamkia kwa Kibembe, kisha akaendelea kwa Kiswahili, labda kwa sababu ya viatu vyangu.

"Mutoto yangu, we umesoma. Uniambie. Nilikosea wapi?"

Hakuuliza kwa ugomvi. Kama angekuja kwa hasira, ningejua la kufanya, ningejitetea. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia.

"Mulisimama, Mama," nikasema. "Katikati ya ngoma mulisimama. Ilionekana kama mumesahau."

Akatazama maji. "Sikusahau," akasema. Kisha akaendelea polepole, "Ile kusimama ni kintu yangu mwenyewe. Hakuna mwenye alinifundisha. Ilinijia tu siku moja, kule kwetu, tukiwa tunacheza, nikasikia kama kuna kintu pale mu katikati, kama nikinyamaza nitaisikia. Bamama benzangu balinikatazaka. Balisema, batu batafikiri umechoka."

Nilichota maji nisiyoyahitaji.

"Kumbe balikuwa na haki," akasema. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Aksanti, mutoto yangu. Kama si we, ningeendelea kujidanganya."

Akaenda. Nilibaki na kata ya maji mkononi. Ningeweza kumfuata, hatua zake hazikuwa ndefu. Badala yake nilikwenda kwenye kamio, ambako wasichana walikuwa wananiita, na kikombe kikapitishwa mkono kwa mkono, kikafika kwangu, nikakishika na kucheka pamoja nao.

Mama yangu hakuimba njiani. Tulipofika nyumbani alikaa na kinu na beseni la sombe, majani ya muhogo, akaanza kutwanga. Baada ya muda akauliza, "We ulimupatia ngapi yule mama wa Swima?"

"Tano."

"Tano juu ya kumi?"

"Ndiyo, Mama."

Akatwanga kidogo, akapumzika. "Mi, aliposimama yule mama, na mwili yangu yote ilisimama. Lakini labda ku masomo banawafundishaka kuona namna ingine." Hakusema zaidi, wala hakulirudia jambo hilo mpaka alipokufa. Nilimjua mama yangu. Aliponyamaza hivyo, alikuwa amemaliza kuhukumu.

Tangu hapo soko la Baraka likawa mahali pagumu kwangu. Nilipita njia ya nyuma, karibu na mitumbwi, ili nisimwone yule mama wa Swima. Lakini yeye aliniona. Aliniita kwa furaha, "Mamzeli! Mwalimu yangu!" na kunichotea ndagala, kisha kuniongezea kiganja cha pili juu yake, kila mara, akikataa nikikataa. Nilipeleka ndagala wale nyumbani, na mama aliwapika, na mimi nilisema tumbo linanisumbua.

Siku moja, kama miezi sita baadaye, aliniomba niende Swima kuwatazama wakijizoeza. "Tumetengeneza," akasema. "Njoo uone kama tumetengeneza muzuri."

Nilikwenda. Nilipanda kamio iliyokuwa inaelekea Uvira, nikashuka pale kijijini baada ya misa ya Dominika, na njia nzima nilijiambia kwamba leo nitasema. Walinipa kiti, kimoja tu kilichokuwapo. Wale bamama saba wakacheza mbele yangu kwenye mchanga mgumu, karibu na vichanja vya samaki, na ngoma ilipofika juu, pale pale, yule mama hakusimama. Aliendelea. Mabega yalikwenda vizuri, miguu ilikwenda vizuri. Alikuwa ameiziba ile nafasi kwa hatua nyingine tatu nzuri za kupendeza, kama mtu anayeziba tundu la ukuta kwa udongo laini, mpaka huoni kwamba palikuwa na dirisha.

Alinijia akihema. "Sasa?"

"Mama," nikasema, "labda... ile kusimama ya kule Fizi. Labda haikuwa mubaya."

Bamama wenzake walitazamana. Yeye akacheka, akanipiga bega kidogo. "Unanihurumia, mutoto yangu. Usinihurumie. We njo ulikuwa wa kwanza kuniambia ukweli mbele ya batu."

Nilikuwa na neno moja tu la kusema, fupi, "niliongopa", na kinywa changu kilikataa. Kulikuwa na watu saba wanaonitazama, na walikuwa wamenichinjia kuku. Nilikula kuku yule. Nilirudi Baraka kesho yake.

Kiangazi kilichofuata Swima walishinda.

Nimejaribu mara nyingi kuisimulia siku ile kama habari njema, nikashindwa. Walicheza bila kosa. Vigelegele vilianza na kuendelea mpaka mwisho, bila kukatika hata mara moja. Madamu aliandika tisa. Mimi niliandika kumi, haraka, hata moja na sifuri vikagusana. Karani aliandika sita.

Madamu alimgeukia kwa mshangao. "Sita? Mwaka jana uliwapa nane, na walikosea!"

Karani aliifuta miwani yake kwa shati. "Mwaka ule, Madamu, nilisikia baridi hapa," akasema, akajigusa mkono juu ya kiwiko. "Leo nimeona bamama banacheza. Basi."

Hakunitazama alipokuwa anasema. Ningependa angenitazama.

Mwaka huo Swima walikuwa wameleta na vijana wa mbio, na pointi za ngoma zikawavusha juu ya wote. Walipopewa kikombe, yule mama alivuka uwanja wote mpaka kwenye viti vyetu. Akapiga goti mbele yangu, mwanamke wa umri wa mama yangu, akakiweka kile kikombe kwenye miguu yangu, mbele ya macho ya Fizi nzima. "Ni huyu mutoto njo alituonyesha njia," akawaambia watu. Watu wakanipigia makofi. Sijawahi kupigiwa makofi vile, kabla ya hapo wala baadaye.

Ugomvi ulianza mwezi huo huo. Watu wa Nundu walilalamika kwamba pointi za ngoma hazina mguu wala kichwa, kwamba mwaka mmoja karani anatoa nyingi, mwaka mwingine anatoa chache kwa watu wale wale. Vijana wa mpira wa Lulimba walisema kikombe cha michezo kimechukuliwa na bamama wa ndagala. Mzungu wa zamani na Madamu walikuwa wamehamishwa mara baada ya michezo, akaja mwingine, mtu wa karatasi, asiyetaka kelele. Akatuita ofisini Fizi, waamuzi na wajumbe, tuseme kama ngoma ibaki katika michezo au itolewe.

Karani alitaka ibaki. Alisema kwa moyo, na nilishangaa, kwa sababu nilimdhania mtu wa vitabu vya kodi tu. "Bwana, kukimbia ni kwa wenye miguu ya miaka ishirini. Katika ngoma nimeona mama wa miaka arobaini akinyamazisha watu mamia. Ukiiondoa, wanawake watarudi kwenye vyungu."

"Na alama?" mzungu akauliza. "Utazipima na nini?"

"Na macho, Bwana. Macho yanakosea. Hata saa ya mbio inakosea. Ila yatafutwe macho yasiyo na mtoto ndani ya mchezo."

Hapo ndipo aliponitazama. Alijua. Sijui alijua kiasi gani, lakini alijua.

Mzungu akanigeukia. "Na wewe, Mademoiselle?"

Ningeweza kusema lililotokea. Chumba kilikuwa kidogo, tulikuwa sita. Ningesema kwamba kosa halikuwa la ngoma wala la alama, lilikuwa la msichana mmoja aliyeulizwa swali akajibu uongo. Badala yake nikanyoosha mgongo, nikasema kwa Kifaransa changu kizuri kwamba ngoma ni jambo la moyo na mila, haina kanuni, na kwamba kuipa pointi ni kuishusha. Nilisema, "Yafaa mbio zibaki mbio na ngoma ibaki ngoma." Maneno mazuri. Wapo watu wenye akili wanaoyaamini mpaka leo, nami nimewasikia wakiyasema kwa moyo safi. Mimi niliyasema ili nisikae tena kwenye kile kiti.

Mzungu aliyaandika yote. Ngoma ikatolewa.

Kiangazi kilichofuata sikupanda Fizi. Nilisikia kwa wengine kwamba bamama wa Swima walikuwa wameshapata vikwembe vya aina moja, vya rangi ya majani, kabla habari haijawafikia, na kwamba wawili kati yao walikwenda hata hivyo, wakakaa chini kando ya uwanja wakitazama vijana wakikimbia.

Ni habari ya vile vikwembe iliyonipeleka Swima mara ya pili. Sikumwambia mtu. Nilimkuta ufukweni asubuhi, anatandaza ndagala juu ya mchanga, ameinama, peke yake. Nilivua viatu nikamwendea. Sikukaa, kwa sababu nilijua nikikaa nitaanza kuulizwa habari za nyumbani.

"Mama," nikasema, "ule mwaka wa kwanza, niliongopa. Hamukukosea. Ile kusimama ilikuwa njo kintu cha muzuri kupita vyote vyenye niliona. Niliongopa ili batoto yangu bashinde."

Aliendelea kutandaza. Nilidhani hakusikia, nikaanza tena, akainua mkono niache.

"Na Madamu?" akauliza.

"Alikuwa ameandika tisa. Akaniuliza kama mulisahau. Nikasema ndiyo. Akafuta."

"Tisa," akasema.

Akashika konzi ya ndagala, akawamwaga polepole, mmoja mmoja wakianguka, akiwasawazisha kwa ubavu wa kiganja. Nilingoja anitukane. Katika Kibembe kuna matusi mazuri kwa mtu kama mimi, na nilikuwa nimejiandaa kwa yote.

"Mama, murudishe ile kusimama," nikasema. "Ni yenu."

Akanyooka, mkono kiunoni. Alinitazama usoni kwa muda, si kwa chuki, bali kama anayejaribu kunikumbuka.

"Nilijaribuka," akasema. "Si kwa ajili yako, si kwa ajili ya kikombe. Nilijaribu mwenyewe, hapa, hakuna batu. Zamani nikisimama pale, nilikuwa ninasikia kintu. Sasa nikisimama, ninasikia sauti yako tu. Mulisimama, Mama. Mulisimama, Mama."

Aliiiga sauti yangu vizuri sana, ile sauti ya mwalimu.

Nilipiga magoti kwenye mchanga, nikachota ndagala kutoka kwenye kapu, nikaanza kutandaza pembeni yake. Hakunikataza. Tulifanya kazi mpaka kapu likaisha, na nilipomaliza aliniambia tu, "Nenda. Kamio inapita mbele ya saa sita." Hakuniita Mamzeli wala mutoto yangu. Hakuniita kitu.

Baadaye nilihamishiwa shule ya Nundu. Watoto wa shule wameniuliza mara nyingi, hasa wale wanaosikiliza redio, kama ni haki watu kupewa medali kwa kuruka na kucheza, huku wengine wakitazama na kuandika namba. Huwa nawaambia sijui. Najua tu kwamba anayekimbia akishindwa, anarudi nyumbani na miguu yake. Anayecheza mbele ya mwamuzi humkabidhi kitu ambacho mwamuzi anaweza kukivunja kwa neno moja, na hakuna kamba ya kushuhudia. Tena najua kwamba nilipoifungia ngoma mlango, walioachwa nje hawakuwa waamuzi.

Nilimwona yule mama wa Swima mara kadhaa zaidi, kwenye harusi na kwenye matanga, maana watu wa ziwani tunazikana na kuozeshana. Alikuwa bado anaitwa katikati. Lakini kila mara nilipofika, akiniona, alimwita mwanamke mwingine kwa kidevu, akatoka kwenye duara na kukaa, akajifunga kikwembe upya kama mtu aliyechoka. Alinisalimu kwa adabu. Watu hawakugundua kitu.

Mara ya mwisho ilikuwa harusi pale Nundu, mchana, kwenye kiwanja cha jirani yangu. Bwana arusi alikuwa mtoto wa dada wa yule mama. Yule mama alikuwa katikati ya duara, amevaa vizuri, na ngoma ilikuwa imeanza kupamba moto nilipoingia na zawadi yangu ya sahani. Akaniona. Akaanza kutafuta kwa macho mtu wa kumwachia nafasi.

Niliweka sahani mezani, nikamwambia mwenye nyumba kwamba kichwa kinanigonga, nikatoka kwa njia ya nyuma kabla hajampata. Nilikwenda moja kwa moja mpaka kwangu, nikafunga dirisha la upande ule, nikakaa nikisahihisha madaftari mpaka jioni.